Kompyuta imeamka, kifaa hakijaamka: tafuta kosa kabla ya kununua kipuri

Hapa Bukavu tunalaza kompyuta mara nyingi mno kwa siku. Umeme ukikatika, mwenye laptopu anafunga kifuniko ili betri isimalizike, anangoja zamu ya mtaa wake irudi. Anapofungua tena, matatizo yanaanza: waifai haipo, printa haionekani, kipanya hakitembei, au skrini imebaki nyeusi huku feni inavuma. Wengi wanaamua palepale kwamba kitu kimeungua. Wananunua kadi ya waifai, wananunua kibodi, wengine wanauza mashine nzima kwa bei ya kutupa.

Kifaa kilichopotea baada ya usingizi mara nyingi ni kizima. Kimeshindwa kuamka tu. Kifaa kilichokufa na kifaa kilichoshindwa kuamka vinaonekana sawa kabisa kwenye skrini, lakini kuna namna ya kuvitofautisha bila kulipa hata faranga moja. Ndiyo nitakayoeleza hapa. Mashine nyingi za mjini kwetu zina Windows ya Kifaransa, kwa hiyo majina ya menyu nitayaandika kama utakavyoyaona.

Mashine inapolala

Usingizi utakaokutana nao zaidi ni wa aina tatu. Wa kwanza unaitwa S3: prosesa inazimwa, diski inazimwa, vifaa vingi vinanyimwa umeme, na RAM peke yake inaendelea kulishwa ili isisahau kazi uliyoiacha. Wa pili ni S0, ambao laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinautumia. Hapo mashine haizimwi kweli. Inapunguza matumizi, kama simu iliyozimwa skrini. Wa tatu ni S4, ambao Windows inauita « veille prolongée »: yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa diskini, kisha umeme unakatwa wote. Majina haya yanatoka kwenye ACPI, yaani kanuni za jinsi kompyuta inavyosimamia umeme, zilizotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996.

Mashine ikiamka kutoka S3, RAM ina kila kitu kama kilivyoachwa, ila vifaa vyenyewe havikumbuki chochote. Kadi ya waifai iliyonyimwa umeme inaamka tupu. Draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, ndiyo inayopaswa kuipakia upya programu yake ya ndani, kuipa mipangilio na kuirudisha kazini. Draiva ikiruka hatua moja, au kifaa kikichelewa kujibu, mfumo unakihesabu kuwa hakipo.

Ili ujue mashine yako inalala vipi, fungua dirisha la amri (cmd) na uandike powercfg /a. Itakuorodheshea aina za usingizi inazokubali na zile inazokataa. Anza na hilo, kwa sababu dawa ya S3 na dawa ya S0 si moja.

Zima kwa kweli kwanza

Hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Tangu Windows 8, mwaka 2012, ukibonyeza « Arrêter », mashine nyingi hazizimiki kabisa. Zinahifadhi kiini cha mfumo diskini, pamoja na hali ya draiva, ili kesho ziwake haraka. Kwa hiyo draiva iliyovurugika leo inahifadhiwa na uvurugikaji wake, na kesho inarudi hivyo hivyo. Mtu anasema: « Nimezima nikawasha, bado haifanyi kazi, basi kadi imekufa. » Kumbe hajazima.

Bonyeza « Redémarrer », maana hiyo inaanza upya kweli. Au shika kitufe cha Maj (Shift) huku ukibonyeza « Arrêter ». Au andika shutdown /s /t 0 kwenye dirisha la amri. Ukitaka kuondoa tabia hiyo moja kwa moja, nenda kwenye « Panneau de configuration », « Options d'alimentation », kisha « Choisir l'action des boutons d'alimentation », na uondoe alama kwenye « Activer le démarrage rapide ». Mimi naiondoa kwenye kila mashine yenye malalamiko ya usingizi. Sekunde chache za kusubiri zaidi asubuhi hazinisumbui.

Kifaa kikirudi baada ya kuzima kwa kweli, acha kufikiria kipuri. Kifaa ni kizima. Kosa liko kwenye draiva, kwenye mipangilio ya umeme au kwenye BIOS, programu ya bodi kuu inayoamsha mashine kabla ya Windows.

Kisiporudi, bado usikate tamaa. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, chomoa kila kitu kilichounganishwa, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishike kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani ya bodi kuu unaisha, na vifaa vilivyoganda vinaachia. Rudisha chaja, washa. Nimeona kadi za waifai na padi za kugusa zikirudi kwa njia hii baada ya mwenye mashine kuzililia siku nzima.

Kama hata hapo hakuna kitu, washa mashine kwa flashi yenye Ubuntu, bila kuisakinisha, uandike lspci na lsusb, amri zinazoorodhesha vifaa vilivyomo. Linux ikikiona kifaa, kifaa kipo hai na Windows ndiyo yenye kosa. Linux isipokiona, na BIOS pia haikitaji, hapo sasa unaweza kufungua mashine kwa bisibisi.

Waifai na Bluetooth zimepotea

Hili ndilo lalamiko la kila siku. Fungua « Gestionnaire de périphériques » na uangalie kadi ya mtandao ina alama gani. Ukibonyeza mara mbili utaona namba. Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Code 43 maana yake Windows imekisimamisha kwa sababu kimeripoti tatizo. Code 22 maana yake mtu amekizima kwa mkono, na hiyo si ajali. Kadi isipokuwepo kabisa kwenye orodha, bonyeza menyu ya « Affichage » na uonyeshe vifaa vilivyofichwa: ikionekana kwa rangi hafifu yenye Code 45, mfumo unakumbuka kadi ila kwa sasa hauipati.

Angalia pia ni kipi kimepotea kati ya viwili. Kwenye kadi nyingi za M.2 (kadi ndogo zinazochomekwa ndani ya laptopu), waifai na Bluetooth ziko kwenye kipande kimoja, lakini waifai inapitia njia ya PCIe na Bluetooth inapitia USB ya ndani. Bluetooth ikipotea peke yake, shuku mipangilio ya USB. Zikipotea zote mbili kwa pamoja, shuku kadi yenyewe, umeme wake, au jinsi ilivyokaa kwenye tundu lake.

Kwa mashine ya S3, dawa ya kwanza iko kwenye « Gestion de l'alimentation » ya kadi hiyo: ondoa alama kwenye « Autoriser l'ordinateur à éteindre ce périphérique pour économiser l'énergie ». Mashine nyingi za S0 hazina ukurasa huo. Usitafute usiku kucha, haupo, haujafichwa. Kwa hizo, njia ni draiva mpya na BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu.

Draiva ichukue kwa mtengenezaji, kwa modeli yako kamili. Zile programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja nazikataa: zinakula megabaiti, na mara nyingi zinaweka draiva ya kadi inayofanana na yako lakini siyo yako. Waifai ikiwa ndiyo imekufa, unganisha simu kwa kebo ya USB na ushiriki intaneti yake. Njia hiyo haihitaji kadi ya waifai. Au pakua faili kwenye simu na ulihamishe kwa kebo. BIOS usiiguse umeme ukiwa wa wasiwasi. Ngoja betri ijae, chaja iwe imechomekwa, na zamu ya umeme iwe ndiyo kwanza imeanza. BIOS iliyokatikia katikati inaweza kuua mashine kweli.

Printa, kipanya na diski za USB

Mama mmoja wa Kadutu ana kibanda cha kuandika na kuchapa kazi za wanafunzi. Alikuja na laptopu mkononi.

« Papa, printa imekufa. Nikifungua mashine asubuhi haiioni, na wanafunzi wamejaa mlangoni. »

« Mama, printa imechomekwa wapi? »

« Kwenye kale kagawanyio, pamoja na kipanya, klavye na diski ya nje. »

Tulikwenda kibandani. Kigawanyio cha USB (hub) hakikuwa na chaja yake, kilitegemea tundu moja la laptopu. Alipofungua kifuniko, taa ya kipanya iliwaka, ikazima, ikawaka tena; diski ya nje ikatoa mlio mdogo wa kuanza kuzunguka na kunyamaza. Printa yenyewe ina umeme wake wa ukutani, lakini mazungumzo yake na laptopu yalipitia kigawanyio kilichokuwa kinazimika. Tulitoa diski ya nje. Kila kitu kikarudi.

Tundu la USB 2.0 limepangiwa milliampea 500, la USB 3.0 milliampea 900. Diski ya kuzunguka inapoanza inavuta nyingi kuliko inapoendelea. Wakati wa kawaida vifaa vinaanza kimoja baada ya kingine, lakini mashine inapoamka vyote vinaomba kwa wakati mmoja, na kigawanyio kisicho na chaja kinaanguka. Kwa hiyo kwenye USB anza kila mara kwa kuchomeka kifaa moja kwa moja kwenye mashine, kikiwa peke yake. Kikiamka vizuri hivyo, umeshajua.

Kikishindwa hata peke yake, zima « suspension sélective USB » ndani ya mipangilio ya kina ya « Options d'alimentation », na uondoe ruhusa ya kuzimwa kwenye kila « Concentrateur USB racine » katika « Gestionnaire de périphériques ». Betri itaisha mapema kidogo. Kwa kibanda cha kazi, ni bei ninayokubali kulipa.

Printa ina ugonjwa wake mwingine ambao si wa umeme. Ukiichomeka kwenye tundu tofauti na la jana, Windows inaweza kuiona kama printa mpya na kuipa jina lilelile lenye « Copie 1 ». Kazi zako zinaenda kwa ile ya zamani na kubaki kwenye foleni. Kabla ya kulaumu usingizi, angalia unachapa kwa ipi. Na printa ya mtandao huweza kupewa anwani mpya na ruta baada ya umeme kukatika, ikaonekana « hors connexion » ingawa iko hapo pembeni yako na taa ya kijani.

Skrini nyeusi

Bonyeza Verr Maj (Caps Lock) kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine imeamka na inafikiri. Ni picha tu haiji. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Maj na B: Windows itaanzisha upya draiva ya picha, skrini itapepesa, mara nyingi inarudi. Jaribu pia Windows na P, kwa sababu laptopu iliyolala ikiwa imeunganishwa na projekta huweza kuamka ikiendelea kutuma picha huko ambako projekta haipo tena.

Kisha chukua tochi ya simu, uimulike skrini kwa upande, karibu sana. Ukiona madirisha kwa hafifu, picha ipo na taa ya nyuma ya skrini ndiyo haiwaki. Taa ikirudi baada ya kuanza upya, ni draiva. Isiporudi hata kwenye BIOS, ni waya wa skrini au saketi yake ya mwanga. Waya huo unapita kwenye bawaba, na laptopu inayofungwa na kufunguliwa kila umeme ukikatika inauchosha mapema. Jaribu kusogeza kifuniko taratibu: picha ikija na kupotea kwa pembe fulani, umeshapata jibu, na hili ni kweli la kipuri.

Taa ya Verr Maj isipojibu, mashine haijaamka hata kidogo. Hapo fikiria RAM. RAM iliyokaa vibaya, au yenye kutu nyepesi kwenye meno yake kwa unyevu wa msimu wa mvua, inaweza kufanya kazi mchana kutwa na kushindwa kuhifadhi yaliyomo wakati wa S3. Itoe, safisha meno kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisicho na vumbi, irudishe mpaka ikae sawasawa. Kama mashine inaamka vizuri kutoka « veille prolongée » lakini inakufa kila mara kwenye usingizi wa kawaida, RAM na BIOS ndizo za kwanza kushukiwa.

Sauti na kamera

Haya ni mepesi. Kwenye « Gestionnaire de périphériques », bonyeza kifaa kwa kitufe cha kulia, « Désactiver », kisha « Activer ». Kikirudi, badilisha draiva. Kisipokuwepo kwenye orodha, « Rechercher les modifications sur le matériel ». Kamera nyingi za laptopu ziko kwenye USB ya ndani, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu USB yanazihusu. Angalia pia kama laptopu ina kitufe au kifuniko cha kufunga kamera.

Diski, skrini ya bluu na kompyuta ya mezani

Mashine ikiamka, ikakaa kidogo, kisha ikaganda au ikaleta skrini ya bluu, andika jina la kosa kabla halijapotea. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, namba 0x9F, inasema wazi kwamba draiva fulani haikubadilisha hali ya umeme ilivyotakiwa. Mara nyingi ni ya waifai, ya picha au ya kifaa cha nje. Chomoa vyote vya nje na ujaribu tena kabla ya kufuta Windows. Kufuta Windows kwa ajili ya 0x9F ni kazi kubwa isiyo na sababu.

Ikiamka na kudai haioni diski ya kuwashia, lichukulie kwa uzito. Nakili kazi zako siku hiyohiyo. Baada ya hapo ndipo utafute kama SSD (diski isiyozunguka) imelegea kwenye tundu, kama programu yake ya ndani ina toleo jipya, au kama inakufa.

Kompyuta ya mezani ina maradhi yake. Ikiwa kwenye S3 na umeme ukakatika, RAM inasahau kila kitu. Ukiwasha inaanza upya, na kwenye « Observateur d'événements » utakuta Kernel-Power namba 41, maana yake haikuzimwa vizuri. Hakuna kifaa kilichoharibika hapo. Washa « Autoriser la veille hybride » ili yaliyomo yaandikwe pia diskini. Lakini ikiwa umeme upo na bado haiamki, pima power supply: ina njia ndogo ya volti 5 inayolisha mashine iliyolala, na kondensa zake zikichoka kwa volti inayopanda na kushuka, mashine inawaka vizuri asubuhi ila haiamki mchana. Betri ya CR2032 kwenye bodi kuu pia ipimwe. Mpya ina volti 3, na ikichoka BIOS inasahau tarehe na mipangilio ya usingizi.

Na kabla hujalaumu padi ya kugusa inayorukaruka baada ya kuamka, chomoa chaja. Ikitulia, tatizo ni chaja mbovu au nyumba isiyo na waya wa ardhi. Inveta za bei ya chini nazo zinaleta hayo.

Kusoma alichoandika mfumo mwenyewe

Amri ya powercfg /lastwake inakuambia nini kimeiamsha mashine. powercfg /devicequery wake_armed inaorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha. Kipanya kikiwa humo, laptopu inaweza kuamka ndani ya begi ukiwa njiani kwenda Panzi, ufike imechemka na betri tupu. Kwa mashine za S0, powercfg /sleepstudy inaandika ripoti ya kila usingizi na nani alikula betri. Na powercfg /batteryreport inalinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na wa leo: betri iliyobaki nusu huweza kuanguka ghafla mashine inapoamka na vifaa vyote vikavuta kwa pamoja.

Kwa wenye Linux: cat /sys/power/mem_sleep inaonyesha aina ya usingizi, iliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo inayotumika, na deep ndiyo S3. Waifai ya Intel ikipotea, sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi, kisha sudo modprobe iwlwifi. Ikirudi, kadi ni nzima. Mashine ikiganda ikabidi uilazimishe kuzima, journalctl -k -b -1 itakuonyesha maneno ya mwisho ya kiini kabla ya kuganda.

Kama zamu ya umeme mtaani kwako ni ya saa nyingi, panga kifuniko kifanye « veille prolongée » badala ya usingizi wa kawaida. Kama haionekani kwenye menyu, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi na uandike powercfg /hibernate on. Betri haiguswi, na wakati wa kuamka BIOS inaanzisha vifaa tangu mwanzo, kwa hiyo vingi vinavyogoma kwenye S3 huwa vinaitika hapo. Inahitaji nafasi diskini, kwa kawaida kama asilimia 40 ya ukubwa wa RAM.

Na ukienda kununua laptopu ya mkono wa pili, usiishie kuiona ikiwaka. Muombe muuzaji akuunganishe na waifai, ifunge, mzungumze bei kwa dakika kumi, kisha uifungue. Angalia waifai, sauti, kamera, padi, na uchomeke flashi kwenye kila tundu. Halafu fungua « Gestionnaire de périphériques » mbele yake, na ukikuta alama ya njano, muulize kabla hujatoa pesa.